Kikombe cha Kijani

Kidawa alikuwa akitwanga vioo vya televisheni mbovu alivyookota jalalani, apate unga wa kupaka vikombe vyake vya udongo ili ving'ae vikitoka tanurini. Shomvi, fundi redio wa mtaani, alipopita na kuona, alimshika mkono.

"Acha, Kidawa! Vioo hivi vina madini ya risasi. Ni sumu hiyo, mtu akilia chakula humo."

Mchi ulimponyoka. Vikombe alivyokwisha kuvipaka unga huo na kuvichoma vilikuwa bado ndani ya nyumba yake, vyote isipokuwa kimoja, alichompa jirani yake Mwanjaa mwezi uliopita mtoto alipoanza kula uji.

Alitoka mbio bila viatu. Wiki nzima mtoto yule alikuwa akitapika. Mwanjaa alikuwa amemweleza wakiwa kisimani, naye akamtuliza kwamba ni meno tu yanaota.

Alimkuta barazani amempakata mwanawe, na kikombe cha kijani kinafuka mvuke.

"Karibu, dada. Leo kaamka na hamu ya uji, Mungu mkubwa. Na hataki chombo kingine ila chako."

"Mnyang'anye," Kidawa alisema. "Kina sumu. Nimekipaka mwenyewe, sikujua. Twende hospitali sasa hivi."

Mwanjaa alimtazama, bado anatabasamu, kama hajasikia. Kisha akakivuta kikombe. Lakini mtoto alikuwa amekikumbatia kwa mikono yote miwili, uji umemjaa kidevuni, na hakukubali kukiachia.