Fulana ya Mama

Puu! Ngumi ilisikika kabla picha haijatulia kiooni, na Mwanaidi akashika ubavu. Sheria ndiyo hiyo: mchezo wa video wa mapigano haufunguliwi kijana mpaka mzazi avae fulana inayompa mwilini kila pigo analopiga mwanawe, kisha aamue kama atamruhusu.

"Imekuuma, mama?" Salha aliuliza.

"Wapi. Ukiwa tumboni ulinipiga mateke makali kuliko haya."

Salha akacheka, akamwangusha adui, akamkanyaga tena.

Mwanaidi akajikunja. "Hilo la mwisho ndilo lililouma. Alikuwa ameshaanguka, mwanangu."

Salha akasogea, akampapasa mamaye ubavu taratibu. Kidole cha mkono wa pili hakikutoka kwenye kitufe.

"Niruhusu tu, mama. Wakianguka nitawaacha. Nakuahidi."