Kitasa cha Stoo ya Vifaa

Mlango ulijifunga nyuma yake, kitasa kikalia ka!, na mtahiniwa akabaki peke yake na darubini mbovu. Shangazi ndiye aliyemtuma humo kuchukua balbu ya projekta. Si kwamba walikuwa ndugu. Alikuwa msimamizi wa tasnifu yake ya uzamivu, na idara nzima ilimwita hivyo.

Jopo lilikuwa likimsubiri. Mara ya kwanza aliposimama mbele ya watahini, alipoziona tu zile tai na miwani ulimi uligoma, akatoka bila kutamka hata jina lake. Leo ilikuwa nafasi ya mwisho.

Nje vilisikika viti vikiburuzwa.

"Tulia, mwanangu," Shangazi alisema. "Niko na fundi hapa. Kitasa tukizungushe upande gani?"

"Kulia."

"Kulia kwako au kwetu?"

Hapo akapandwa na mori. Akaeleza kwamba mzunguko ule ule unaokwenda kulia ukitazamwa kutoka nje, ukitazamwa kutoka ndani unakwenda kushoto. Ndiyo maana spini, yaani mzunguko wa chembe, hulinganishwa na upande chembe inakoelekea: ikizunguka kama skrubu inayoingia mbaoni, ni ya mkono wa kulia, ikizunguka kinyume, ni ya kushoto. Hiyo ndiyo helisiti, na ndiyo tasnifu yake nzima, iliyokuwa ikienda kuozea stoo pamoja naye.

Kisha Shangazi akasema fundi anauliza: je, akiikimbiza chembe hiyo mpaka akaipita?

"Kama ina masi, akishaipita ataiona kama inarudi nyuma, ilhali spini ni ile ile. Ya kulia kwake itakuwa ya kushoto. Fundi gani huyu, Shangazi? Anayataka ya nini haya?"

"Na isiyo na masi?"

"Hiyo inakwenda kwa kasi ya mwanga. Nani ataipita? Kila mtu ataiona ya mkono ule ule." Akaupiga mlango teke. "Mwambie afungue, jopo litaondoka."

Nje mtu alikohoa. Mwingine alicheka kwa pua.

Kitasa kikazunguka bila shida yoyote. Shangazi alisimama mlangoni, ufunguo mkononi. Nyuma yake, koridoni, wazee watatu wenye tai walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja, na yule wa katikati alikuwa akifunika kalamu yake.

"Fundi hana swali lingine," Shangazi alisema, "Daktari."