Dakika Tatu za Baba

Sheria inampa kila marehemu filamu moja ya dakika tatu. Siku ya arobaini filamu hiyo inaingia kwenye hifadhi ya taifa, na rekodi nyingine zote za marehemu, za sauti na za picha, zinafutwa.

Ya baba yetu, fundi cherehani, ilizidi kwa sekunde hamsini, na mwisho wa kuituma ulikuwa adhuhuri ile.

"Tukate nini?" niliuliza. "Kila kitu ni yeye."

"Kata ukimya wake," alisema dada Sikudhani.

Baba alikuwa na pini mdomoni siku zote. Ukimwuliza jambo, alikuwa akizitoa moja moja kwanza, ndipo anajibu. Tulikata pini zote. Chini ya maneno yake tukaweka mlio wa cherehani, na ghafla filamu ikakimbia! Swali, jibu, mshono, kicheko. Dada alipiga makofi.

"Mwone mzee! Kama mtangazaji wa mpira!"

Tulicheka huku tunalia. Tuliituma zikiwa zimebaki dakika nne, tukakumbatiana kama tuliochukua kombe.

Jioni mama aliitazama mara mbili, akatabasamu.

"Imependeza, wanangu. Lakini mbona hanisubirishi?"

Ninaandika haya kwa sababu jana, nikipiga pasi shati alilonishonea, nilimwuliza baba moyoni kama kola imekaa sawa.

Alinijibu kabla sijamaliza kuuliza.