Kiganja cha Sefu

Sheria ilisema jicho lako lenye nguvu ni la serikali. Arobaini ya marehemu ikishapita, kila sura yake uliyoiona kwa jicho hilo, hata kama la pili nalo lilikuwa wazi, ilifutwa, kichwani mwako na kwenye picha ulizompiga, ili watu wasizame kwenye majonzi. Jicho la pili hakuna aliyelijali.

Kwa hiyo daktari aliposema Sefu hatavuka masika, mkewe Mwanahawa, aliyepiga picha miaka thelathini kwa jicho lake lenye nguvu, la kulia, alianza kulifundisha la kushoto. Kila asubuhi alimketisha mumewe kwenye kigoda uani, akainua kamera, na kila mara jicho la kulia liliwahi kuchungulia.

"Siyo hilo, Mama Zuhura!" Sefu alimkemea, huku akicheka na kukohoa. Akaziba jicho lake mwenyewe la kulia kwa kiganja, amkumbushe. Ikasaidia. Akawa anaziba hivyo kila siku, na mkono ulipoishiwa nguvu, binti yao Zuhura akawa anamshikilia kiwiko.

Siku moja baada ya arobaini ya Sefu, Mwanahawa na Zuhura walifungua boksi la picha. Za miaka yote ya nyuma zilibaki na viti vitupu. Za uani zilikuwepo, hamsini na mbili, zimetoka vizuri kabisa, na katika kila moja kiganja kimefunika nusu ya uso.

"Mama," Zuhura aliuliza taratibu, "upande huu uliofunikwa baba alikuwaje?"

Mwanahawa aliutafuta upande huo kichwani mwake, akakuta kiganja kilekile. Akaweka kidole juu ya kile kiganja pichani, akawa anakisukuma polepole pembeni.