Bima ya Mwinshehe

Siku hizi ukifia ughaibuni, kampuni ya bima huirudishia familia yako mtu mwenye sura yako na kumbukumbu zako, na familia haiambiwi chochote. Nilikwenda kumkatia bima mume wangu, Mwinshehe, anayekwenda tena Guangzhou kufuata mzigo wa vitenge.

Wakala alitazama skrini, akakunja uso. "Mama, mtu harudishwi mara mbili. Bima ya huyu ilishatumika safari ya mwaka juzi." Kisha akajiziba mdomo.

Nyumbani nilimkuta Mwinshehe anaosha vyombo, kazi aliyoianza aliporudi safari ile, nami siku zote nikimshukuru Mungu kwa kunibadilishia mume.

"Mama Salha, bima tayari?"

"Tayari," nikasema, nikachukua kitambaa, nikawa nakausha kila sahani anayonipa.