Wali wa Bwana Hamano

Kitonge cha tatu kiliingia mfukoni, na Ndaki akafuta vidole kwenye suruali chini ya meza.

Hakuna aliyemwona. Angalau ndivyo alivyojiambia. Mbele yake Bwana Hamano, mnunuzi wa pamba kutoka Japani, alikuwa akiongea na mkalimani wake, Fredrick, kijana wa Nyashimo. Katikati yao kulikuwa na sinia la vitonge vya wali, juu ya kila kimoja kipande cha samaki mbichi. Mgahawa huo wa Kijapani ulikuwa umefunguliwa Mwanza mwaka uleule, na kumbe kila kitu humo kilikuwa wali. Wali chini ya samaki, wali ndani ya supu, wali umeviringishwa kwenye majani meusi.

Na wali ndicho kitu ambacho Ndaki hakutakiwa kukigusa.

Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno. Sukari ilikuwa imepanda vibaya, na kidole kimoja cha mguu kilishakatwa. "Ugali, wali, viazi, basi. Kula nyama, kula samaki, kula mboga. Ukirudia, safari ijayo ni mguu mzima." Tangu hapo Ndaki alikuwa amekonda mpaka koti lake la harusi lilimning'inia kama la kuazima, na mkanda wake ulikuwa na matundu mawili mapya ya msumari.

Kusema "naumwa" hakuthubutu. Miaka ile mtu akikonda, watu walishampa jina la ugonjwa kabla hajafungua mdomo, na Hamano alikuwa anatafuta mtu wa kufanya naye kazi misimu mitatu. Kukataa chakula nako hakuthubutu. Kwao, ndani ndani huko Lalago, ukisukuma sahani ya mwenyeji mbele ya macho yake umeshamwita mchawi. Nani ananunua pamba ya mtu aliyemwita mchawi?

Na pamba ilikuwa lazima inunuliwe. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kununua, na hao watu binafsi wakaishia vijiji vya barabarani. Ya kwao ilikuwa imelala ghalani msimu wa pili, panya wanazaliana ndani yake, paa linavuja, na mvua zinakaribia. Mahindi walikuwa nayo tele, vihenge vimejaa, lakini mtoto huwezi kumvalisha mahindi. Kijiji kilimtuma Ndaki kwa sababu ndiye aliyekuwa na koti.

"Usirudi bila lori, Baba Shija," mkewe Kwandu alimwambia, wala hakuwa anatania.

Kwa hiyo alimmeza samaki mbichi huku machozi yakimlengalenga, na wali akauteremsha kiganjani, kutoka kiganjani hadi mfukoni.

"Anauliza, una watoto wangapi?" alisema Fredrick.

"Saba. Na wanne wa marehemu kaka yangu."

Hamano akatikisa kichwa polepole, akauliza tena.

"Anauliza, mvua zilikuwaje huko kwenu?"

Ndaki hakuwa na muda wa habari za mvua. "Mwambie asichelewe, ngosha mwenzangu. Mwambie asipotusaidia yeye, sisi tumekwisha."

Kitonge cha saba ndicho kilichomwaibisha. Mfuko ulikuwa umejaa na kulowa, kikakosa nafasi, kikadondoka sakafuni. Ndaki akainama haraka, akakiokota, akakishindilia mfukoni. Alipoinuka, Hamano alikuwa anamtazama.

Hamano aliweka vijiti vyake chini. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha, kwa mikono miwili, akaisogeza sahani yake mwenyewe mbele ya Ndaki, na akamwita mhudumu aongeze nyingine.

Amenikamata, Ndaki aliwaza, na sasa ananikomoa. Alitamani ardhi ipasuke immeze na koti lake. Aliiona pamba ikiozea ghalani, aliuona uso wa Kwandu mlangoni. Akajaza na mfuko wa pili, maana hata akili ya kufanya kingine hakuwa nayo.

Hatimaye Hamano alisimama, akamwinamia mpaka kiunoni, akasema maneno machache, akatoka.

"Amesemaje?" Ndaki aliuliza.

"Anasema Jumamosi lori litakuja kijijini kwako."

Ndaki alilia palepale, mbele ya wahudumu, bila aibu. Alipofika barabarani aliwamwagia korongo wa jalalani wali wote na kupanda basi mifuko ikiwa imebinuliwa nje.

Jumamosi kijiji kizima kiliamka mapema. Magunia yalitolewa ghalani na kupangwa uwanjani, ili mgeni asipotezewe muda. Kufika saa sita, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa, lakini nani alijali? Lori lilionekana. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndaki akafunga vifungo vya koti.

"Baba Shija," Kwandu alimnong'oneza, "lori linalokuja kubeba pamba, mbona limelemewa hivyo?"

Fredrick alishuka peke yake. Hakuwa na mizani.

"Mwangaluka, baba," alisalimia kwa Kisukuma, na hakumtazama usoni. "Bwana Hamano anakupa pole nyingi. Naye utotoni, baada ya vita, alikuwa akificha wali mfukoni awapelekee wadogo zake. Pamba amechukua ya kijiji cha Mwamanyili. Anasema hawezi kuwabebesha kazi watu wanaokufa njaa."

Tone la kwanza la mvua liliangukia magunia ya uwanjani. Nyuma ya Fredrick, dereva alikuwa ameshafungua turubai, na lori zima lilikuwa mchele.