Sekunde za Kivukoni

Tangu sheria mpya ya barabarani ianze, gari halikubali kuzimwa jioni mpaka lisome kwa sauti majina ya wote liliowapisha kwenye vivuko vya waenda kwa miguu siku hiyo, pamoja na sekunde ambazo dereva alibaki amesimama baada ya kila mmoja kufika ng'ambo. Nyumbani kwake Tanga, Mwanakheri husikiliza akiwa uani, akichambua mchele.

“Salome Mhina,” lilisema gari la mumewe. “Sekunde arobaini.”

Ilikuwa siku ya nne mfululizo. Wengine wote waliambulia mbili, tatu.

“Huyo Salome ni nani?”

“Nitamjuaje? Mpita njia tu,” Sefu akajibu huku akivua viatu. “Mimi kila mtu namsubiri, mke wangu. Ni ustaarabu.”

Wivu ukampanda Mwanakheri. Kesho yake akajipaka wanja, akajitanda kanga aliyonunuliwa na Sefu siku ya Idi, akaenda kusimama kwenye kivuko anachokipita Sefu kila siku. Gari la Sefu likaja, likasimama. Akavuka taratibu, uso wazi, macho kayakaza kwenye kioo cha mbele. Sefu akampungia mkono apite upesi, kama mtu anayefukuza kuku.

Jioni akakaa na ungo wake pale pale uani.

“Mwanakheri Bakari,” likasoma gari. “Sekunde moja.”

Sefu akaduwaa, kiatu kimoja mkononi.

“Kumbe yule alikuwa wewe?”